Bonjour Tristesse: Msichana Anayejua Anachokifanya

Kuna vitabu vidogo unavyovimaliza kwa siku moja, halafu vinakukaa rohoni mwezi mzima. Bonjour Tristesse cha Françoise Sagan ni kimojawapo. Kilitoka Ufaransa mwaka 1954, mwandishi akiwa na miaka 18 tu, na mwaka huohuo kikapata tuzo ya Prix des Critiques.

Cécile ana miaka 17. Mama yake alishafariki, na baba yake, Raymond, ni mtu wa starehe anayebadilisha wapenzi kama mashati. Wako likizo pwani ya kusini pamoja na Elsa, mpenzi wa baba wa wakati huo. Mara anafika Anne, aliyekuwa rafiki wa marehemu mama: mwanamke mtulivu, mwenye akili na msimamo. Baba anaamua kumuoa. Anne naye anamtaka Cécile akae asome, maana kafeli mtihani, na aachane na Cyril, kijana waliyekutana naye hapo pwani. Basi Cécile anapanga njama ya kumng'oa.

Wengi husema hiki ni kitabu cha uasi wa vijana. Mimi sikubali. Mwasi huamini kwamba yuko sahihi. Cécile anajua fika kwamba Anne ni mtu wa maana, tena anamhusudu, na mara kadhaa roho inamsuta. Lakini keshaona jinsi ilivyo rahisi kuwachezesha watu wazima, na mchezo umemnogea. Anakua siku anapogundua kwamba Anne, aliyemwona kama ukuta, kumbe ni binadamu anayeumia. Mapenzi yake na Cyril hayamfundishi hilo.

Mwisho sikwambii. Nitasema tu kwamba hakuna anayemshtaki, wala mzee wa kumkanya. Sisi tuliozoea riwaya ambazo mkosaji lazima aadhibiwe ili msomaji apate funzo, tunaweza kukasirika. Mimi nilikasirika. Niliporudia mara ya pili ndipo nikaona kwamba adhabu ipo: ni Cécile mwenyewe anayesimulia, na kila sentensi anaisema akijua ilikoishia.

Dosari zipo. Elsa amechorwa juujuu, na Cyril ni mtiifu mno. Lakini lugha ni safi, sentensi hazina mapambo. Hata Kifaransa cha shule kinaweza kukufikisha mbali.

Kisome. Kisha mkumbuke yule mtu uliyewahi kumwonea ukiwa na miaka 17, ukidhani haumii.