"Maestro": Je, Muziki Hulipa Deni la Nyumbani?

Filamu iitwayo Maestro, iliyotolewa mwaka 2023, yasimulia ndoa ya Leonard Bernstein (1918–1990), mtunzi na kiongozi mashuhuri wa okestra nchini Marekani, na mkewe Felicia Montealegre, mwigizaji aliyezaliwa Costa Rica na kukulia Chile. Bradley Cooper ndiye aliyeiongoza, na ndiye pia anayemwigiza Bernstein. Carey Mulligan anamwigiza Felicia. Ingawa mambo yake ni ya New York na ya kumbi kubwa za Ulaya, yafaa itazamwe na watumishi wa Kanisa hata huku kwetu Ngara na Biharamulo, kwani inagusa jambo ambalo sharika nyingi hulinyamazia: deni la mwenye kipawa kwa watu wa nyumbani mwake.

Tarehe 14 Novemba 1943 Bruno Walter, aliyepangwa kuongoza okestra katika ukumbi wa Carnegie, aliugua. Bernstein, kijana wa miaka 25, alishika nafasi yake bila mazoezi, na jina lake likavuma. Alimwoa Felicia mwaka 1951, wakajaliwa watoto watatu. Filamu inaonyesha kwamba Felicia alijua tangu mwanzo kuwa mchumba wake alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume, naye akakubali kuolewa.

Wasomaji wengi watasimama hapo na kutoa hukumu. Jambo hilo ni zito, wala mchungaji hawezi kulipita. Hata hivyo, anayeishia hapo hataliona lile linalomhusu yeye mwenyewe. Jamie, binti yao mkubwa, anasikia uvumi juu ya baba yake. Felicia anamkataza mumewe asiseme kweli. Naye anaketi na binti yake na kumwambia kwamba maneno hayo yametoka kwa watu wenye wivu. Mtoto anapewa uongo ili jina la baba lisiharibike. Nyumba za watumishi wa Kanisa nazo zina mambo ambayo watoto hufundishwa kuyaficha.

Kilele cha filamu ni onyesho la mwaka 1973 katika kanisa kuu la Ely, Uingereza, ambako Bernstein anaongoza simfonia ya pili ya Mahler, iitwayo "Ufufuo". Kwa ufundi, sehemu hii ni bora kupita zote: kamera haimwachi, jasho linamtiririka, kwaya nzima inainuka kwa sauti moja. Baadaye anamkuta Felicia amesimama pembeni. Yule mama ambaye katika ugomvi wao alimshtaki kuwa ana chuki moyoni, sasa anamkumbatia na kumwambia kuwa hana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na filamu hii. Inataka tuamini kwamba utukufu wa kazi umelipa deni la nyumbani. Bernstein hajaungama lolote, wala hajaomba radhi; ameongoza vizuri tu, naye amesamehewa. Hiyo ni haki itokanayo na matendo, ijapokuwa matendo yenyewe ni ya sanaa. Aidha, kazi ya Felicia jukwaani inaguswa kwa haraka mno, hata mtazamaji anampima kwa kipimo cha mumewe peke yake.

Filamu inajisahihisha kwa sehemu inapofika kwenye ugonjwa. Felicia anapopatwa na saratani, iliyomwua mwaka 1978, Bernstein anaacha safari zake na kukaa kando ya kitanda. Hapo hakuna wa kumpigia makofi. Upendo anaoonyesha katika chumba kile unasadikika kuliko ule wa Ely.

Katika sharika zetu mwalimu wa kwaya ni mtu mkubwa. Pasaka inapokaribia, mazoezi hufika usiku. Mkewe hubaki na watoto, kuni na shamba. Siku ya sikukuu mume hushukuriwa mbele ya usharika, na mke hatajwi. Hilo laweza kurekebishwa upesi. Lililo gumu zaidi ni pale mwalimu anapoitesa nyumba yake, nao wazee wa Kanisa wakanyamaza kwa hofu kwamba kwaya itavunjika. Wakifanya hivyo, wanampa cheti cha msamaha mfano wa vile ambavyo Luther alivipinga mwaka 1517, tofauti ikiwa kwamba hiki kimelipiwa kwa nyimbo.

Luther aliupenda muziki na kuuweka karibu kabisa na theolojia. Ndiye huyo huyo aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525 na kufundisha kwamba kulea watoto nyumbani ni wito wa Mungu. Kwake, wito mmoja haukuwa fidia ya mwingine.

Nashauri wanafunzi wa theolojia waitazame filamu hii pamoja na wenzi wao, ingawa ina lugha na mambo yasiyofaa watoto. Mjadala na uanzie kwa Jamie: baba yake angemjibu nini, na nani katika usharika angemsaidia kulisema?