Sukari hufikaje kwenye ncha za neva?

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, na Mwakitolyo, Shinyanga, malaria si ngeni. Mtoto akifikishwa zahanati amekamatwa na degedege, kidole kinachotobolewa kinapaswa kutoa tone la kupimia malaria na tone la kupimia sukari. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyoshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa dalili ya malaria kali.

Kwa nini sukari ina uzito huo? Ubongo ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, na akiba yake ni ndogo mno. Sukari hutoka kwenye damu kwa kupitia protini iitwayo GLUT1, kisha huingia kwenye neva hasa kwa GLUT3. Protini hizi ni milango tu, hazisukumi: sukari hutoka ilikojaa kwenda ilikopungua.

Je, ncha ya neva ikizidiwa na kazi hufanyaje? Mwaka 2017, Ghazaleh Ashrafi, Timothy Ryan na wenzao wa Weill Cornell, New York, walilitafutia jibu swali hilo kwa neva za panya zilizokuzwa maabara. Walichukua GLUT4, mlango uliojulikana zaidi kwenye misuli na mafuta, wakaupachika protini inayong'aa ambayo hufifia penye tindikali. Ndani ya vifuko vya seli mna tindikali, kwa hiyo mlango uliohifadhiwa humo hauonekani; ukifika kwenye utando wa nje, unawaka. Neva zilipochochewa kwa umeme, ncha ziling'aa. Walipoipunguza GLUT4, ncha zilizofanyishwa kazi mfululizo zilishindwa kurudisha ndani vifuko vilivyomwaga kemikali za mawasiliano.

Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba mwanga ulionyesha mlango uko wapi, na kuupunguza kukathibitisha kwamba unahitajika.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Wakati wa degedege neva hufyatuka bila kupumzika, kwa hiyo mahitaji ya sukari huwa kileleni. Lakini damu ikikaukiwa sukari, hata milango ikiongezwa haina cha kupitisha. Ndiyo maana dawa ya malaria peke yake haitoshi: sukari hurudishwa kwa mshipa, na mshipa ukichelewa kupatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kidogo huwekwa chini ya ulimi, kisha hurudiwa kila baada ya dakika 20.