Protini Iliyofungwa Kwenye Jani

Barabara ya kutoka mjini kwenda Makunduchi hupita Jozani, na katika msitu ule yumo mnyama mwenye somo kubwa kwa mfugaji wa kusini Unguja. Kima punju hula mkaa. Huuokota kwenye matanuri na kwenye visiki vilivyoungua. Mwaka 1997 watafiti Thomas Struhsaker na David Cooney walichapisha uchunguzi wao: kima hao hula sana majani ya mwembe na mkungu, yenye protini nyingi lakini pia yenye kemikali za fenoli, kundi ambalo tanini zimo ndani yake. Cooney aliyakamua majani hayo kwa maji ya moto, akatia mkaa wa tanuri, na mkaa ukazinyonya kemikali hizo vizuri.

Tumbo la kima punju huchachusha majani kabla ya kuyameng'enya, kama tumbo la kondoo. Kwa hiyo kima na kondoo wana tatizo la aina moja: tanini zilizomo kwenye majani yenye protini. Lakini kwa kondoo, kuzikosa kabisa nako ni hasara.

Kondoo akila mikunde isiyo na tanini, vijidudu vya tumbo la kwanza huivunja protini haraka mno. Sehemu kubwa hugeuka amonia, ikaishia kwenye mkojo. Tanini huizuia hasara hiyo kwa kushikamana na protini, maana tumbo la kwanza halina asidi nyingi. Mchanganyiko ukifika tumbo la nne, lenye asidi kali, tanini huachia, na protini humeng'enywa na kufyonzwa kwenye utumbo. Tanini zikizidi, hata hivyo, haziachii vya kutosha, vijidudu hudhoofika, na mnyama hupunguza kula.

Kiasi kinachofaa kilijulikanaje? Watafiti wa New Zealand walitumia mbinu ninayoistahi sana. Waliwalisha kondoo mkunde uleule, kisha nusu yao wakawanywesha polietilini glaikoli, kemikali ambayo tanini huishika kuliko protini. Chakula ni kimoja. Tofauti ya sufu, uzito na uzazi kati ya makundi hayo mawili inatokana na tanini peke yake. Mkunde wa Lotus corniculatus, wenye tanini za asilimia 2 hadi 4 ya uzito mkavu, uliwanufaisha kondoo. Ndugu yake, Lotus pedunculatus, tanini zilipopita asilimia 5, uliwapunguzia ulaji na ukuaji.

Huku kwetu mkunde wa kutazamwa kwa makini ni kaliandra. Majaribio ya Embu, Kenya, yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani. Ni mafanikio makubwa, lakini tanini zake ni nyingi, na mfugaji anayepima kwa jicho tu atadhani protini yote iliyomo inamfikia mnyama.

Makunduchi kondoo ni wachache. Mbuzi na ng'ombe ndio wengi, na udongo ni viraka juu ya mwamba wa matumbawe. Mbuzi huvumilia majani ya vichaka kuliko kondoo, ila kanuni haibadiliki. Nakuomba, mfugaji, usimjazie mnyama kaliandra tupu. Changanya na nyasi, majani ya mikunde yasizidi theluthi ya chakula chote, na ukiona anayaacha horini, punguza siku hiyohiyo.