Gazeti la Khati ya Mkono

Chennai, kusini mwa India, jirani na msikiti wa Wallajah, kuna gazeti la jioni la Kiurdu liitwalo The Musalman. Tangu Syed Azmatullah alianzishe mwaka 1927, limeandikwa kwa mkono. Mwanawe, Syed Fazlullah, alilishika hadi alipofariki 2008, likapokewa na mjukuu, Syed Arifullah.

Kurasa ni nne tu. Habari zikishawekwa katika Kiurdu, waandishi wa khati, wanaume kwa wanawake, hukaa na wino, rula na kalamu za kuchovya. Ukurasa mmoja huwachukua kama saa tatu. Khati yao ni nastaliki, ile inayoteremka kwa mshazari kutoka kulia, kwa hiyo mwandishi sharti aione sentensi nzima kichwani kabla wino haujagusa karatasi. Mstari ukibaki na nafasi, huirefusha herufi kidogo. Ukibana, hulipandisha neno juu ya jirani yake, na macho ya msomaji hayakwami. Akikosea vibaya, huenda akauanza ukurasa upya. Ukimalizika hupigwa picha, hupitishwa kwenye bamba, kisha mtambo ukachapa.

Ninachokistahi zaidi ni ile pembe ya ukurasa wa mbele inayoachwa tupu mpaka alasiri kungojea habari ya dharura. Pembe yenyewe ni ndogo, hivyo habari hiyo lazima ikatwe mpaka kibaki kiini chake.

Katika jimbo la Tamil Nadu Waislamu hawafiki sita kwa mia. Gazeti lao haliwezi kushindana na magazeti makubwa ya Kitamil na Kiingereza kwa wingi wa habari. Nguvu yake imo katika kuchagua. Mkono hauwezi kuandika kila kitu, basi kila siku huamuliwa upya kipi kinawafaa watu hawa: siasa za Delhi, mambo ya dunia, tahariri, Kurani na hadithi. Unene wa ncha ya kalamu ndio unaomwonyesha msomaji habari ipi ni nzito. Wala gazeti halikujifungia: miongoni mwa waripota wake wamekuwamo Wahindu.

Kwa miaka mingi liliuzwa paisa 75, chini ya rupia moja. Wapo waandishi wa khati walioikalia kazi hiyo zaidi ya miaka 20, wakiipitia kila habari neno kwa neno. Kwangu mimi, hao nao ni wahariri.