Wezi watatu na nyoka ya Noeli

Mu kurasa hizi tumezoea kusema juu ya desturi za wakubwa wetu: ndoa, matanga, majina ya watoto. Leo ninaomba ruhusa niseme juu ya filme. Noeli nayo imekuwa desturi yetu hapa Lubumbashi, na hii filme ya Noeli inagusa swali ambalo mu mitaa yetu halijapata jibu: je, mwizi anaweza kugeuka mutu muzuri, na siye jirani zake tutamukubali?

Filme ni We're No Angels. Michael Curtiz aliitengeneza Marekani mu mwaka 1955. Kwa Kifaransa inaitwa La Cuisine des anges, jina la mchezo wa teatro wa Albert Husson, ambamo hadithi ilitoka. Ni usiku wa kuamkia Noeli, 1895, kule Cayenne, mahali Wafaransa walipeleka wafungwa wao. Watatu wametoroka: Joseph, bingwa wa makaratasi ya uongo (Humphrey Bogart), na wauaji wawili, Albert (Aldo Ray) na Jules (Peter Ustinov). Wako na nyoka mu kasanduku, jina lake Adolphe. Wanaingia ku duka ya Félix Ducotel, wanasema watatengeneza paa. Shauri yao ya kweli ni kungoja usiku, kuiba, na hata kuua.

Lakini mutu akiwa juu ya paa anasikia mambo ya nyumba. Duka inakufa juu Félix hajui kukatalia mutu deni. Na mwenye mali, ndugu yake André, yuko njiani kutoka Ufaransa kuja kukagua vitabu.

Hapo njo filme inatuingia. Mutu wa Kenya ao Katuba gani asiyemujua Félix? Ni yule baba mwenye kaduka na kaye ya madeni, kila mutu anamwambia «nitalipa mwisho wa mwezi». Mu 2003 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa zile zilizoitwa départs volontaires, na wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Tangu pale, kaye za namna ile tunazifahamu bila kufasiriwa. Joseph anaposhika duka na kumuuzia mutu mwenye kipara vyombo vya kuchania nywele, tunacheka mara mbili: juu ya ule mwenye kipara, na juu ya Félix, ambaye kwa miaka yote hakuuza kitu vile.

Bogart hachekiche uso. Anasema uongo kama mutu anayesoma Injili. Wenye kuzoea kundi la Mufwankolo wanajua nguvu ya uso kama ule. Wale wachezaji wetu hawaandiki maneno yote. Wanapatana paka njia ya hadithi, kisha kila mumoja anatafuta maneno yake mbele ya watu. Ndivyo walivyofanya mu 1986 na ule mchezo juu ya methali kwamba ufalme unaliwa muzima. Kwa Curtiz kila neno limepangwa, na saa ingine linasikika limepangwa. Kamera haitoki sana mu nyumba, na mambo ya mapenzi ya binti Isabelle yanachosha. Ustinov njo anaokoa zile dakika, tena kwa macho tu.

Basi, wale watatu wanapika. Dindon ya kuiba, maua ya kuiba ku bustani ya gavana, na familia inakula kwa furaha. Ni Noeli nzuri kabisa. André anafika na mpwa wake Paul, anatukana kila mutu, kisha anachukua kasanduku bila kuuliza kiko na nini. Wale watatu wanajua. Hawafanyi haraka ya kumuonya. André anakufa, na Paul, aliyetaka kuriti duka, naye anaumwa na ile nyoka.

Niliona filme hii pamoja na tantine wangu mumoja. Alicheka vizuri mpaka hapo, kisha akanyamaza. «Ile nyoka,» akasema, «banaituma.» Kwetu tajiri wa ukoo akikufa vile, usiku, mu nyumba ya ndugu mwenye deni, hakuna mutu atasema ni bahati. Watasema bulozi, na Félix atahama mutaa. Kwa Curtiz hakuna jirani hata mumoja anayeuliza. Ni kosa kubwa la filme kwa maoni yangu: inataka tukubali wema ambao mauti ililipia, na iko na haraka tusiangalie maiti.

Tena kuna Kasapa. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza yetu, wafungwa zaidi ya 900 wakatoka, kati yao Gédéon Kyungu, aliyekatiwa hukumu ya kifo mu 2009. Kisha siku ile, mfungwa juu ya paa si kichekesho kwetu.

Hata hivyo ninaitetea filme, juu ya mwisho wake. Meli iko pale, nguo ziko, na watatu wanachagua kurudi gerezani wenyewe. Hakuna anayewasamehe, hakuna anayelia, hakuna mahubiri. Duara za malaika zinatokea juu ya vichwa vyao, na ingine juu ya kasanduku ya Adolphe: filme inajicheka. Ile ya Neil Jordan ya 1989, na Robert De Niro na Sean Penn, ilichukua jina lakini iliacha Noeli, na wafungwa wake wanajificha kama mapadri. Si kitu kimoja.

Ningependa kuona kundi la hapa linaicheza kwa Kiswahili chetu. Cayenne iwe Kasapa, dindon iwe mbuzi. Na kisha kifo cha André, majirani waingie kwanza, wakae chini, waulize nani alituma ile nyoka.