Chai ya Kijani Inaua Bakteria, Sawa. Lakini Wapi?

Bila shaka nawe umeshatumiwa ule ujumbe: kunywa vikombe vitatu vya chai ya kijani kila siku, vidonda vya tumbo kwisha kabisa, "wanasayansi wamethibitisha". Mimi niliupata kwa shangazi, akiwa siku ya tano ya dozi ya siku 14, na vidonge keshaviweka kabatini. Kwa hiyo ukiona nina hasira kidogo, nivumilie.

Ujumbe wenyewe haukuokotwa hewani. Chai ina katekini, na iliyo kali zaidi kati ya zilizopimwa ni ile iitwayo EGCG kwa kifupi. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliijaribu dhidi ya Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. Maabara ilimuua kweli. Nadhani aliyeandika ujumbe aliishia kusoma hapo.

Angesogea mbele kidogo tu angekuta kwamba iliua pH ikiwa 7, yaani pasipo na asidi. Ilipokuwa 5 au chini yake, haikuua. Sasa tumbo lako likiwa tupu huwa na pH ya kama 2! Bakteria mwenyewe anaishi humo kwa ujanja: ana kimeng'enya cha yurease kinachogeuza urea kuwa amonia, amonia inapunguza makali ya asidi inayomzunguka, kisha anajichimbia ndani ya ute wa tumbo. Chai haina ujanja huo.

Halafu kuna wale panya wa Mongolia. Waliambukizwa, wakapewa katekini (katekini zenyewe, si kikombe cha chai), na bakteria wakaisha kwa asilimia 10 hadi 36 ya wanyama hao. Yaani hata kwenye kundi lililofanya vizuri zaidi, karibu wawili kati ya watatu walibaki nao. Kwa mtafiti hiyo ni dalili ya kufuatilia. Kwa mgonjwa si dawa.

Dozi ya shangazi ina antibayotiki mbili pamoja na omeprazole, inayopunguza asidi ili antibayotiki zifanye kazi vizuri. Ukikatisha njiani, bakteria wanaobaki wanaweza kuwa ndio wale sugu.

Amerudi hospitali kueleza siku alizoruka. Wiki nne baada ya kidonge cha mwisho atapima choo. Majibu yakiwa safi, chai nitampikia mwenyewe.