Tui Likikatika

Anayejifunza kupika kwa nazi huonywa mapema: usiache tui likakatika. Ukishamimina kasimile kwenye mchuzi wa samaki huondoki jikoni. Unashika upawa, unachota na kumimina polepole mpaka lichemke. Ukizubaa, mafuta yanajitenga juu, na mchuzi unaonekana mabonge mabonge. Mpika mafuta ya nazi, yeye, hulitaka tui hilohilo likatike, na ustadi wake wote umo katika kulikatisha vizuri.

Nilimtazama shangazi yangu akiifanya kazi hiyo kisiwani Mafia, na mpaka leo sijaona mikono mingine yenye subira kama yake. Kwanza nazi. Dafu halifai, koroma bado. Huitikisa kila moja sikioni, akisikiliza maji yanavyocheza ndani, na asiyoiridhia huiweka kando bila maelezo. Kisha hukaa juu ya mbuzi na kukuna kwa mkono mwepesi, akisita kabla ya kufika kwenye ngozi ya kahawia iliyoshika kifuu, kwa kuwa ngozi hiyo huyatia mafuta rangi. Hukuna laini sana. Mafuta ya nazi yamefungiwa ndani ya seli ndogo mno, kila moja na ukuta wake mgumu. Meno ya mbuzi ndiyo yanayozipasua. Seli isiyopasuka huondoka na mafuta yake kwenye chicha, wakala kuku.

Hutia maji ya uvuguvugu, akafikicha, akakamua kwa kifumbu, akarudia. Tui analolipata ni matone madogo ya mafuta yaliyotapakaa majini, kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini. Vazi hilo ndilo linaloyazuia matone yasiungane, na ndilo la kuvuliwa.

Hapo shangazi hafanyi kitu. Hufunika chungu, akakiweka pembeni hadi kesho yake. "Usilitikise, mwanangu. Linafanya kazi." Alikuwa anasema kweli kabisa. Mafuta, kwa wepesi wake, hupanda juu. Vijidudu visivyoonekana hula sukari ya tui na kutoa asidi. Tui huchachuka, na protini ikikutana na asidi hushikana mabonge, ikayaachia matone. Vimeng'enya vya vijidudu hivyohivyo navyo huikatakata protini. Tone huungana na tone. Wapo wanaoliacha tui siku nzima au mbili, mafuta yakajitenga yenyewe wakayachota bila moto.

Shangazi alipenda moto, nami ni wa upande wake. Asubuhi huengua utando mzito wa juu, akauinjika kwenye moto mdogo. Mwanzo sufuria hupiga kelele, maji yakipasuka na kuruka. Shangazi hakodoi macho ndani, hutega sikio. Kelele hupungua, huwa mnong'ono, kisha kimya. Kimya kinamwambia kwamba maji yamekwisha. Chini mashapo yamegeuka rangi ya dhahabu, juu mafuta yameng'aa, na harufu imeshafika kwa jirani. Huipua papo hapo, kwani yakikaa kidogo tu mashapo huungua, na ukiipua mapema maji yaliyobaki huyaharibu mafuta chupani. Hajawahi kutumia saa.

Mbali na jiko la shangazi, viwanda vikubwa vya soya hutoa mafuta kwa heksani, kimiminika kinachotokana na petroli, chepesi kushika moto, kinachochemka kwenye nyuzi 69 hivi. Wataalamu wanaotaka kuachana nacho wamerudi kwenye maji. Mbegu husagwa, ikatiwa maji ya moto wa wastani na vimeng'enya vya aina mbili: vya kubomoa kuta za seli, kazi ya meno ya mbuzi, na vya kuikata protini, kazi ya usiku wa shangazi. Kwa nazi, kimojawapo kilichojaribiwa ni papaini, iliyomo katika utomvu wa papai bichi, uleule tunaoupaka kwenye nyama ngumu ilainike. Na kinachowasumbua zaidi maabarani ni kilekile: mafuta na maji yakishachanganyika kuwa tui zito, hayataki kuachana. Nikisoma habari zao namwona shangazi amekaa kando ya chungu kilichofunikwa, mikono mapajani, hana haraka.

Mafuta ya namna hii ni machache na ghali, na kwa kazi iliyomo, bei hiyo ni halali. Ukiyapata, yaweke kwenye chupa kavu. Asubuhi za kipupwe utayakuta yameganda, meupe kama samli. Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Iweke chupa juani, yatayeyuka.